Kuosha dhahabu mtoni na watoto Disemba hii, nianzie wapi?

BabaWawili_Naks

Wadau habari zenu. Mimi ni fundi wa stima, niko huku Njoro, Nakuru, nina kijana wa miaka 11 na dadake wa 7. Sasa binamu yangu anaishi New Zealand na wiki jana alinitumia vidio wako mtoni na watoto wake wanazungusha sahani ya plastiki kwa maji wakitafuta dhahabu, ati huko kuna sehemu za mito serikali imetenga, mtu yeyote anaingia na vyombo vya mkono bila leseni, na kuna kamji kanaitwa Arrowtown unakodisha hiyo sahani dukani unashuka nayo hadi mtoni kama mtu anaenda kuogelea. Watoto wangu wameiona hiyo vidio mpaka simu imeisha chaji mara mbili na sai hakuna kulala.

Ushago wa mama yao ni Ikolomani, Kakamega, na tangu nioe shemeji zangu hunichekesha ati kwao ukichimba choo unaweza toka tajiri. Disemba tunaenda kwa kukhu, nyanya yao, wiki mbili. Nataka niwapeleke mtoni wajaribu, sitafuti utajiri, hata tukipata chembe mbili za kuweka kwa kichupa nitakuwa nimefurahi. Lakini sijui chochote. Nitafute wapi kwa mto, nitumie nini, na ni salama kwa mtoto wa miaka 7? Alafu hapa nyuma yangu kuna mto Njoro, kwani siwezi anza mazoezi hapo?

---

mawe_na_maji

Mto Njoro utaosha mpaka Pasaka kaka. Nasoma jiolojia, wacha nikueleze haraka. Mawe ya huko kwenu ni ya juzi juzi, ni lava na majivu ya volkeno, Menengai na wenzake, sehemu kubwa ya Bonde la Ufa iko hivyo. Utapata mawe mepesi yanaelea kwa maji na ile mawe nyeusi kama kioo cha chupa, watoto watayapenda sana, lakini dhahabu hapana. Ya Kakamega, Vihiga, Siaya na Migori ni mawe ya kale mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ndani yake kuna mishipa ya jiwe jeupe la kwatsi ndio imebeba dhahabu. Mvua inakula hilo jiwe pole pole, dhahabu inaachwa, inateremka hadi kwa kijito.

Mazoezi unaweza fanya bila mto. Nunua zile risasi ndogo za kuvulia samaki, katakata upate vipande 10 vidogo kama kichwa cha pini, changanya na mchanga wa mjengo kwa karai, alafu oshea kwa beseni nyuma ya nyumba. Mwisho hesabu, zimerudi ngapi? Zikirudi 9 ama 10 uko tayari, zikirudi 4 ujue hata ungekuwa mtoni ungemwaga dhahabu yote. Wewe ndio ukate hizo risasi, si watoto, na wote wanawe mikono vizuri kabla ya kula, risasi ni sumu.

Siri ya hii kazi yote ni uzito. Mchanga wa kawaida ni mzito kama mara 2.6 ya maji, ule mchanga mweusi wenye chuma unaobaki na dhahabu kama mara 5, dhahabu safi mara 19. Kwa hivyo usiogope kutikisa. Ukiipatia nafasi ya kushuka, itashuka.

---

Mwana_Idakho

Mulembe Baba Wawili, karibu nyumbani kwetu. Wacha niongee kama mtu amezaliwa hapo.

Kwanza hii kitu si hadithi ya shemeji. Dhahabu ya Kakamega ilisikika 1931, na wazungu walikuja mbio, ikawa mpaka 1932 wakageuza sheria ya ardhi ya wenyeji ndio wachimbe ndani ya mashamba ya babu zetu. Mgodi mkubwa ulikuwa Rosterman, hapo karibu na Kakamega mjini, ulifungwa 1952. Wao waliondoka, dhahabu ndogo ndogo ikabaki na mama zetu wakabaki nayo.

Sasa mtoni. Watu wageni hukimbilia katikati ya maji, hapana. Angalia mahali mto umepinda, upande wa ndani wa kona, pale maji yanachoka na kumwaga changarawe. Ama nyuma ya jiwe kubwa, upande ule maji yameenda, si ule yanatokea. Ama kama kuna mwamba umetokeza chini ya mto, tafuta nyufa zake, chukua kijiko ya zamani ukwangue ile tope imekaa ndani, hapo ndio dhahabu hulala. Hata mizizi ya miti inayoning'inia kwa maji na ile manyoya ya kijani juu ya mawe, hiyo ikamulie ndani ya karai, huwa imenasa vitu wakati mto ulifurika. Na usichukue mchanga wa juu juu, chimba hadi upate changarawe imeshikana na udongo mgumu.

Chombo ni karai tu ya mjengo lakini mpya ina mafuta, ichome kwa moto wa kuni mpaka ibadilike rangi, ju mafuta hufanya chembe nyembamba ielee. Jaza robo tatu. Izamishe kwa maji, vunja udongo na vidole mpaka hakuna donge, donge likibaki litatoka na mali yako ndani. Mawe makubwa suuza juu ya karai alafu tupa. Sasa tikisa kushoto kulia kwa nguvu karai ikiwa imelala sawa, hii ndio watu huruka, wanadhani kuzungusha ndio kazi kumbe kuzungusha ni ya mwisho. Ukishatikisa inamisha mbele kidogo, acha maji iingie na itoke na mchanga wa juu, kama mtu anapepeta wimbi. Tikisa tena. Inamisha tena. Mara ishirini hivi ama thelathini, mgongo utakuambia. Mwisho unabaki na mchanga mweusi kama kijiko kimoja pale kwa kona ya karai. Weka maji kidogo, inua upande mmoja, gonga ukingo na kiganja pole pole, utaona weusi unakimbia mbele na nyuma yake kumebaki kamkia ka njano. Kakitokea usipige nduru, utamwaga, nimeona watu wazima wakimwaga.

Shimo za zamani usikaribie kabisa na hao watoto. Kwetu kuna mashimo yamefunikwa na majani, hujui ni futi ngapi. Na msitu wa Kakamega ni wa serikali, usiingie kuchimba huko hata kama mto Isiukhu unapita ndani.

---

Kamageta_jr

Ukipata kilo niitie, nina wilibaro 😂

---

NyarMigori

Nimesoma yote nimenyamaza lakini wacha niseme. Kwenu ni mchezo, kwetu huku Nyatike ni sima ya jioni. Mama yangu aliinama kwa hiyo karai miaka kumi na minne, kutoka wakati nilikuwa darasa la pili, na sisemi usilete watoto, leta, lakini usiende kwa kijito ukute wamama wanaosha ukaanza kuchukua picha na kuchota pale wamechimba. Ile changarawe imerundikwa hapo kando si takataka, ni ya mtu, ameitoa shimoni na ameilipia. Salimia, uliza, kaa kando, na ukiwa na adabu mmoja atakufundisha kuliko hizo vidio zote.

Na nimeshangaa hakuna mtu ametaja makuri. Hiyo zebaki. Nilikuwa na miaka kama 9 siku nilitumwa kwa kibanda cha mnunuzi mmoja kuuza. Alichukua ule mchanga mweusi wa mama akamwagia makuri, akafinya na kitambaa mpaka ikatoka kidonge cha rangi ya fedha kama nusu ya harage, akakiweka kwa kijiko juu ya jiko, hapo hapo ndani, dirisha limefungwa ju ya upepo. Moshi huwezi uona. Kidonge kinageuka polepole kutoka fedha hadi njano na mimi nikaona ni miujiza, nikasogeza uso karibu. Hakuna mtu aliniambia toka. Sai najua ule mvuke ndio mbaya zaidi, unaingia kwa mapafu unaenda hadi kwa ubongo, mikono inaanza kutetemeka, na kwa mtoto ama mama mjamzito ndio balaa. Na ile inamwagika mtoni inaingia kwa samaki. Kenya ilitia sahihi mkataba wa Minamata 2013, huo umepewa jina la mji wa Japani ambao watu waliumizwa na samaki wenye zebaki, lakini hapa kwetu bado utaiona kwa chupa ya dawa ya kikohozi.

Kwa hivyo Baba Wawili, kama kuna mtu mahali hapo anachoma kitu kwa kijiko, shika watoto wako muende. Nyinyi hamuihitaji. Chembe mbili tatu unaokota na ncha ya kijiti kilicholowa.

---

BabaWawili_Naks

Asante sana dada, hiyo ya makuri sikuwa najua kabisa, na ya kusalimia nimeiweka. Swali, je sheria? Shamba ni la baba mkwe na lina taitodi, mto unapita chini yake. Si naweza kuosha kwa shamba letu?

---

wakili_wa_mtaa_Ksm

Taitodi yako ni ya udongo wa juu mkubwa. Sheria ya Madini ya 2016 inasema madini yote ni mali ya Jamhuri, serikali ya kitaifa inayashikilia kwa niaba ya wananchi, hata yakiwa chini ya kitanda chako. Kutafuta na kuchimba kunahitaji kibali. Kuna kile cha wachimbaji wadogo, ni cha wakenya peke yake, kinaombwa kwa ofisi ya madini ya kaunti na kinakaa miaka mitatu. Na kununua ama kuuza dhahabu ni leseni nyingine tofauti.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi, shemeji wako hawakosi mtu kwa kikundi chenye kibali, nendeni kama wageni wa kikundi mahali pao, wao ndio wenye kazi nyinyi mnafundishwa. Usiguse kingo za mto na jembe, usilete pampu, usimuuzie mtu yeyote hata chembe. Na mtu akikuita kando akuonyeshe vipande vinene vya kuuza bei ya kutupa, kimbia. Kisumu hapa nimeona watu wakiuziwa shaba iliyopakwa rangi wakiwa na digrii.

---

mawe_na_maji

Nimerudi, nilisahau mbili.

Moja ni bilhazia. Kanda yote hii ya ziwa na vijito vyake iko nayo, inatoka kwa konokono wa maji yaliyotulia, na inaingia kwa ngozi, si lazima unywe maji. Gambuti inasaidia miguu lakini mtu anaosha dhahabu mikono iko ndani masaa matatu. Kwa hivyo fanya hivi na huyo wa miaka 7: mtu mzima achimbe, mjaze ndoo nne tano za changarawe, mbebe hadi nyumbani, muoshe kwa beseni kubwa na maji ya tangi. Mnakaa kwa kivuli, chai iko karibu, hakuna mtu anabebwa na mto mvua ikinyesha huko juu. Kakamega hunyesha mchana bila kuomba ruhusa, mto unaweza panda na kwenu jua linawaka.

Mbili ni jinsi ya kujua. Watoto wataona kitu kinametameta watapiga kelele, mara tisa kwa kumi ni ulanga, ile inang'aa kama glita na inaelea elea. Ipeleke kwa kivuli. Dhahabu hung'aa vile vile kivulini, hizo zingine huzima. Alafu ibonyeze na pini, dhahabu inabonyea kama nta, ile dhahabu ya wajinga, jiwe la njano linalofanana nayo tu, inavunjika unga. Na beba sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kwa karatasi ya nailoni, pitisha juu ya mchanga mweusi ukiwa umekauka, mwingi utaruka na kushika. Tone moja la sabuni ya vyombo kwa maji ya mwisho, chembe za unga haziwezi elea tena.

---

Mwana_Idakho

Hiyo ya kubeba ndoo nyumbani ni akili. Hata wamama wengine hufanya hivyo kiangazi kijito kikikauka.

Alafu usitegemee kubwa. Huku tunapima kwa pointi, pointi moja ni sehemu ya kumi ya gramu, ukiiweka kwa kiganja ni kama punje moja nene ya wimbi. Nyinyi mtapata vitu ambavyo hata pointi haijui vipo.

---

BabaWawili_Naks

Wadau heri ya mwaka mpya, nimerudi na ripoti kama nilivyoahidi.

Mazoezi ya risasi tulifanya Njoro, mara ya kwanza zilirudi 3 kati ya 10, kijana akasema baba umetupa saba, siku ya tatu tukafika 9. Ikolomani shemeji akatuunganisha na kikundi fulani, wakatuonyesha kona yao moja ambayo hawaitumii sana, tukachimba mimi na shemeji, kijana alikuwa na kazi ya kukwangua nyufa za mwamba na kijiko. Ndoo tano. Tulizibeba kwa wilibaro (Kamageta ungekuja na yako), nikajua sasa kwa nini changarawe ya mtu haichezewi.

Siku ya kwanza tuliosha ndoo tatu, sufuri. Ulanga tu. Huyu mdogo alipiga kelele mara kumi na kila mara tunakimbia kivulini na karai kama tumebeba mtoto mgonjwa, inazima. Jioni amekasirika hataki hata chai.

Siku ya pili kukhu alikuwa amekaa hapo anachambua mrenda anatuangalia. Akaangalia, akaangalia, alafu akaweka mrenda chini akasema lete. Ana miaka sabini na kitu. Akakunja leso, akakaa kwa kigoda, akashika ile karai na wadau, mikono ilianza kwenda yenyewe. Hakutazama hata ndani. Anaongea na jirani kwa ua huku mchanga unatoka ukingoni mwembamba kama uji, sijui ni dakika tano, akainamisha akagonga mara tatu na kiganja, na pale nyuma ya weusi kukakaa chembe nne. Ile ndoo ilikuwa ya nyufa za mwamba. Mke wangu alikuwa jikoni akatoka na mwiko mkononi, akamuuliza mama ulijulia wapi hii, na kukhu kwa utulivu tu akasema fees yako ya fomu two ilitoka wapi? Kumbe alikuwa anaenda kijitoni alfajiri kabla hawajaamka, anamuuzia mtu alikuwa anapita siku ya soko, akirudi anasema ametoka kuteka maji. Mke wangu ana miaka 38 na hakuwahi kujua. Alirudi jikoni na hakutoka kwa muda.

---

NyarMigori

Wueh. Mpe kukhu salamu zangu. Muulize kama alikuwa anachoma makuri mwenyewe.

---

BabaWawili_Naks

Nilimuuliza ju yako. Anasema hapana, alikuwa anauza mchanga mweusi na dhahabu yake ndani, huyo mtu anaenda kufanya yake huko, na anajua alipunjwa kila wiki lakini hakutaka hiyo dawa kwa nyumba yenye watoto. Mikono yake iko sawa, mgongo ndio umekataa.

Ndoo ya mwisho tuliosha wenyewe, kukhu akisimamia na kifimbo, tukapata zingine tano. Kwa hivyo tisa. Ziko ndani ya kichupa cha dawa ya macho na maji, juu ya TV. Tukiwa njiani hapo Kericho huyu mdogo alifungua kuangalia kama bado ziko, gari ikapita kwa tuta, na yeye anaapa ilianguka moja tu. Kakake anasema mbili. Jana usiku wakiwa wamelala nilihesabu na tochi, mara mbili. Ni saba, lakini asubuhi aliponiuliza nikamwambia sijahesabu.